Ikisumbua, Niletee

Chumba kile kilikuwa cha binti yao mpaka alipoolewa. Baada ya hapo kikawa cha pasi. Si pasi peke yake, tusizisingizie. Kulikuwa na feni zilizoinamisha vichwa, redio za kila umri, blenda zisizo na vifuniko, na runinga moja yenye mgongo mkubwa iliyokaa katikati ya kitanda kana kwamba ndiyo iliyozaliwa humo. Na vyote vilikuwa vizima. Hapo ndipo palipokuwa pa kuudhi. Vingekuwa vibovu, Mkunga angeshavitupa zamani na asingeulizwa na mtu. Lakini mumewe, Fundi, alikuwa amevitengeneza kimoja baada ya kingine, akavifuta vumbi, akavipanga vikiwangoja wenyewe.

Wenyewe hawakuja. Wengine walihama mji, wengine walinunua vipya wiki ileile waliyoleta vya zamani, na wengine walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

"Mwenyewe atakuja," Fundi alisema kila alipoulizwa.

"Mwenye ile redio ya kahawia tumemzika," Mkunga alimkumbusha.

"Ana watoto."

Mkunga alikuwa amefanya kazi wodi ya wazazi mpaka akastaafu, na kwake yeye kitanda kisicho na mgonjwa ni kitanda kinachotakiwa kutandikwa. Hata hivyo alikivumilia chumba kile jinsi watu wanavyomvumilia shemeji mlevi: mlango unafungwa, wageni hawaambiwi. Kilichommaliza uvumilivu ni simu.

Binti yao alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimekaribia. "Mama, nataka nije nijifungulie huko, niwe karibu na wewe," alisema. "Lakini nitalala wapi? Juu ya feni?"

"Chumba chako kipo."

"Kipo, ila kina wenyewe. Mama mkwe ameshaniandalia chumba huku. Amebadilisha mpaka mapazia."

Hayo mapazia ndiyo yaliyomkata Mkunga maini. Hebu fikiria. Mwanamke aliyepokea nusu ya watu wa mtaa ule, hata kinyozi wa pale kona anayejifanya mjuaji wa kila kitu alizaliwa mikononi mwake akitanguliza miguu. Leo mjukuu wake wa kwanza akaogeshwe na mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiuza vitambaa! Si kwamba alimchukia mama mkwe yule. Alimtakia kila la heri, ila mbali na mtoto.

"Jitayarishe kuja," alimwambia binti. "Utakuta chumba kitupu."

Kisha akatoka barazani, alikokuwa amekaa Fundi kwenye meza yake ya kazi, akasimama mbele yake ameshika kiuno. Manesi waliowahi kufanya kazi chini yake wangemwonya yule mzee akimbie.

"Vitu vinatoka," alisema.

"Vitu gani?"

"Usijifanye mgeni humu ndani."

Fundi akaweka bisibisi chini taratibu. "Si vyangu vile. Mtu ameniamini na kitu chake, halafu mimi nikigawe?"

"Hata mimi niliaminiwa na watu. Lakini sikumweka mtoto wa mtu juu ya kabati nikisema mwenyewe atakuja."

Fundi akachukua tena bisibisi yake. Alinuna. Alikula akiwa amenuna, akasikiliza taarifa ya habari akiwa amenuna, na alipoona kununa hakumpunguzii mkewe usingizi hata kidogo, asubuhi moja akasema kwa sauti laini kabisa, "Sawa, mama watoto. Tugawe. Ila sitoi kitu kabla sijakipitia upya. Mtu asije akasema Fundi amempa kibovu."

Mkunga nusura amkumbatie. Alijiona ameolewa na mtu mwungwana, na kwa siku zile chache zilizofuata alimpikia kama mgeni.

Fundi akapitia kila kitu. Asubuhi mpaka jioni alikuwa mezani, anafungua plagi, anafunga plagi, na kando yake imesimama ile chupa yake ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, iliyokuwa ikiwachekesha wauza vipodozi kila alipokwenda kununua nyingine. Hii ilikuwa tabia yake tangu ujana. Kila skrubu aliyomaliza nayo aliitia tone moja la rangi. Rangi ikikauka, skrubu haizunguki bila kuipasua, kwa hiyo akiletewa kitu tena alijua papo hapo kama kuna mkono wa mtu mwingine umepita humo. Mafundi wengine waligonga mihuri. Yeye alipaka kucha.

Siku ya kugawa ikafika. Msusi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alichukua feni kwa ajili ya saluni yake. Kinyozi akabeba redio ya kahawia. Dada yake Fundi, ambaye Mkunga alimwita wifi na kumwogopa kidogo, alichagua pasi, akaikataa, akachagua nyingine, kisha akarudia ya kwanza. Waliobaki walikuwa watu wa mtaani, kila mtu na alichopewa, na ile runinga ilihitaji wanaume wawili na toroli.

Mkunga aligawa kwa mkono mkunjufu mno, kama kawaida ya mtu anayegawa vya mwenzake. Fundi naye hakulalamika. Alimsindikiza kila mtu mpaka getini, akampapasa begani, akamwambia neno lilelile: "Ikisumbua, niletee."

"Mume wangu ana moyo," Mkunga alimwambia wifi yake.

"Sijui lini ameupata," wifi akajibu. "Sisi tumekua naye hatujauona."

Chumba kikapakwa rangi. Kitanda kikapata godoro jipya, dirisha likapata mapazia, na Mkunga alihakikisha ni mazuri kuliko ya kule kwingine ingawa ya kule hakuwahi kuyaona. Akampigia binti simu: aje Jumamosi ya pili. Akalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Wa kwanza kurudi alikuwa msusi. Feni yake ilizunguka kwa raha siku za mwanzo, kisha ikaanza kuzunguka kwa hiari yake yenyewe; ikisogezwa inazima, ikitikiswa inawaka, mteja kichwani ana dawa na jasho linamtoka. "Iache hapo, nitaiangalia," Fundi alisema, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyetembelewa na rafiki. Maadamu alikuwa amekuja, msusi akaleta na mashine ya kukaushia nywele, iliyokuwa imekufa zamani na yeye akasahau kuwa vitu hutengenezwa.

Kesho yake akaja kinyozi na redio chini ya kwapa, na mashine mbili za kunyolea mfukoni, maadamu anakuja. Kisha akaja wifi. Yeye hakubisha hodi.

"Wifi, mmenipa pasi au mmenipa kisingizio? Nanyoosha shati upande mmoja imewaka, nageuza upande wa pili imezima."

"Samahani, wifi. Kaa, nikuletee chai."

"Nimekuja kukaa," wifi alisema, akakaa mpaka jioni, akimsimulia kaka yake habari za ukoo huku kaka yake akifungua pasi.

Kwa kifupi, vilirudi. Vilirudi vyote, tena havikurudi peke yavyo, kila kimoja kilishika mkono ndugu yake mgonjwa. Mtaa mzima ulikumbuka ghafla kwamba pale barazani kuna fundi. Ikabidi litafutwe benchi la watu kungojea. Fundi akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Akatoa ovaroli yake ya bluu ndani ya sanduku, akaivaa ikiwa na mikunjo. Jirani akimsalimu kutoka barabarani, yeye hujibu bila kuinua kichwa, "Nimebanwa, ndugu yangu, nimebanwa kweli," kwa sauti ya mtu anayelalamikia utajiri.

Baraza likajaa, vitu vikaingia koridoni. Korido ikajaa. Alhamisi moja Mkunga alifungua mlango wa chumba cha binti yake akakuta feni mbili zimesimama kando ya kitanda kama manesi wa zamu.

"Ni kwa leo tu," Fundi alisema upesi. "Naona mvua inataka kunyesha."

Mbingu ilikuwa nyeupe pe.

Na kana kwamba hilo halitoshi, simu ikalia, na aliyepiga alikuwa mama mkwe wa binti, mwenye sauti ya asali.

"Mkwe mwenzangu, habari za huko? Nimesikia nyumba yenu siku hizi ina shughuli nyingi. Sasa nikawaza, kwa nini ujisumbue? Huku kwangu kumetulia. Hata sauti ya redio hakuna."

"Hata huku kumetulia," Mkunga akasema, na papo hapo kinyozi akajaribu redio yake barazani kwa sauti ya mwisho.

Mkunga alikata simu kwa hasira, akatoka barazani. Siku mbili zilibaki binti afike. Fundi alikuwa ametoka kununua waya, na kinyozi alikuwa amesharudi kazini kwake. Mezani zilibaki pasi ya wifi, feni ya msusi na redio ya kinyozi, vitu vitatu visivyojuana. Akavitazama. Kwa miaka yote aliyoishi na mtu huyu, alikuwa amemwona akitengeneza kitu kimoja mara mbili? Hakukumbuka. Hapo moyo wake ukamwambia jambo, na moyo wake haukuwa na desturi ya kuropoka. Akachukua bisibisi, akafungua plagi ya pasi.

Waya ulichomoka wenyewe, haukushikwa na kitu. Skrubu iliyotakiwa kuubana ilikuwa imelegea, haijafika chini. Na juu ya skrubu hiyo iliyolegea lilikaa tone jekundu, linang'aa, halina ufa hata mmoja.

Akafungua plagi ya feni: skrubu legelege, tone zima. Akafungua ya redio. Hivyo hivyo. Skrubu zililegezwa kwanza, kisha zikapakwa rangi, na mkono ule uliozoea kupaka kila unachokimaliza haukufikiria kuruka kazi hii. Wagonjwa watatu, ugonjwa mmoja. Mtu aliyefanya kazi wodini haambiwi maana yake. Unamtafuta daktari aliyepita vitanda vyote vitatu.

Fundi aliporudi alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti chake cha kazi, plagi tatu ziko wazi mbele yake. Mkunga alikuwa amejiandaa kufoka, lakini sauti ilitoka ya chini, na hiyo ya chini ndiyo Fundi aliyoiogopa.

"Umelegeza mwenyewe."

Fundi akaangalia plagi, akaangalia getini, akaona hakuna mteja wa kumwokoa. "Nililegeza kidogo tu."

"Kidogo! Pasi ya dada yako wa tumbo moja! Je, angeungua?"

"Haziunguzi. Zinazima tu, nilihakikisha. Unadhani mimi mwendawazimu?"

"Ndiyo."

Fundi akakaa kwenye benchi la wateja. Bila bisibisi mikono yake ilionekana mikubwa kupita kiasi, hakujua aiweke wapi. Akaanza kusema, akiitazama sakafu.

"Wewe ukienda sokoni unachelewa kurudi, kwa sababu watu wanakusimamisha. 'Mkunga, huyu ndiye yule uliyemtoa.' Wanakuonyesha watoto wenye ndevu zao. Mimi nani amewahi kunisimamisha barabarani anionyeshe pasi?"

Mkunga alitaka kucheka, akajizuia.

"Siku hizi kitu kikizima wanatupa, wananunua kingine," Fundi aliendelea. "Vile vya chumbani ndivyo vya mwisho mtu kuniletea kwa miguu yake. Sikuwa nawangoja wenyewe, mama watoto. Najua tumewazika. Nikiingia mle ndani najiona nina kazi, basi. Ukasema vitoke, nikasema sawa, vitoke, ila nikataka vijue njia ya kurudi."

Mkunga alimwonea huruma, na ile huruma ikamuudhi kuliko hata ule uongo, kwa sababu ilikuwa haina nafasi. Mtoto alikuwa njiani. Huwezi kumlaza mzazi koridoni kwa sababu mumeo anataka kusalimiwa.

"Kaza," alisema. "Zote. Na safari hii kaza kweli."

Fundi akakaza. Heshima lazima apewe: akishaamua kukaza, huyu mtu hukaza. Ijumaa jioni baraza lilikuwa tupu, benchi limerudishwa lilikoazimwa, na mtaa mzima unapiga pasi na kusikiliza redio bila shida yoyote.

Binti akafika na tumbo lake. Alipoona chumba alikaa kitandani akalia, jinsi kilivyokuwa kizuri, na Mkunga akajifanya ananyoosha pazia ili naye asionekane. Siku ya kujifungua ilipofika waliingia hospitalini pamoja, na wakunga vijana waliofundishwa na huyuhuyu bibi walimwomba mara kadhaa, kwa adabu zote, asogee pembeni. Akazaliwa mtoto wa kike, mwenye mapafu imara. Kila asubuhi Mkunga alimwogesha kwenye beseni jikoni, akimwimbia nyimbo alizokuwa akizitunga palepale, na zote zilimsifu bibi mzaa mama.

Mama mkwe alikuja kuona mtoto. Alileta birika la umeme, jipya, limefungwa utepe. "Ili mkwe mwenzangu asihangaike na masufuria," alisema. Mkunga alilipokea kwa mikono miwili na kulichukia kwa moyo mmoja. Lakini ukweli usemwe, lilikuwa birika zuri. Maji yalichemka kabla mtoto hajamaliza kilio cha kwanza, na baada ya siku chache Mkunga akajikuta analifuta kila akilitumia.

Kwa hiyo alikuwa na kila alichokitaka: binti ndani, mjukuu mikononi, nyumba safi, korido unayoweza kupita na beseni la maji bila kumwaga tone.

Barazani Fundi alikaa mbele ya meza iliyofutwa. Koleo na bisibisi zilipangwa kwa urefu, kisha zikapangwa kwa unene. Hakuja mtu. Vitu vilikuwa vinafanya kazi. Msusi alipita barabarani akapaza sauti, akidhani anamsifu, "Fundi, feni yako ile haifi leo wala kesho!" Fundi akainua mkono kushukuru, akaushusha. Alipopewa mjukuu ampakate alimgeuzageuza kwa uangalifu mkubwa, akamchungulia nyuma ya shingo na nyayo za miguu, akasema, "Huyu hana tatizo lolote," akamrudisha kwa mama yake. Ovaroli ikarudi sandukuni. Ndevu zikaachwa ziote. Alianza kulala mchana, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata alipokuwa na homa.

"Mama, baba anaumwa?" binti aliuliza, akinyonyesha karibu na dirisha.

"Haumwi."

"Sasa ana nini?"

Mkunga alimtazama mumewe kupitia dirishani, alivyokaa na ile mikono yake. "Vitu vyake vyote vimepona," alisema. Binti hakuelewa, naye hakumfafanulia.

Akaingia jikoni. Alisimama mbele ya birika kwa kitambo, akilitazama jinsi lilivyong'aa. Akachomoa plagi ukutani. Akachukua mkasi wake, ule aliopewa na wenzake siku ya kustaafu, akaushika waya katikati, akaukata.

Kisha akabeba birika mpaka barazani. Hakulipeleka kama mke anavyopeleka kitu kwa mumewe. Alizunguka kwa mlango wa nyuma, akatokea upande wa getini, akapiga hodi.

Fundi akazinduka. Akamtazama, akalitazama birika.

"Karibu," akasema polepole. "Lina nini?"

"Limezima tu lenyewe."

Fundi akalipokea. Akauvuta waya, akaukuta umeishia hewani. Akaisogeza ile ncha karibu na macho, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa imekatwa mara moja, safi, imenyooka, kazi ya mkono usiotetemeka.

"Huu waya umekatikaje?"

"Panya," Mkunga alisema.

"Panya."

"Wakubwa. Wa siku hizi."

Fundi aliinamisha kichwa juu ya birika, na Mkunga hakuweza kumwona uso. Alipouinua, macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa ya kazi, kavu, ya fundi yeyote kwa mteja yeyote.

"Hili si la kushika leo. Itabidi uniachie."

"Nije lini?"

"Wiki ijayo. Mwishoni."

"Wiki ijayo! Na mtoto aoge na nini?"

"Kwani kwako hakuna sufuria, mama?"

"Ipo."

"Basi bandika sufuria," Fundi alisema, akivuta kiti mezani. "Watu wengi siku hizi wanataka kila kitu haraka."

Mkunga akaondoka akinung'unika kwa sauti, kama mteja anavyotakiwa, akaenda jikoni kutafuta ile sufuria kubwa.